Filta ya kuosha kwenye Hilux: nilivyoipima kwa mpira wa fundi mwashi

Kila nikipeleka gari gereji hakosekani mtu wa kuniambia nitoe filta ya hewa ya karatasi, nifunge ile ya kuosha, ya kitambaa cha pamba kilicholoweshwa oili. "Bosi, gari litavuta, litakula mafuta kidogo, na hutanunua filta tena maisha." Nimeyasikia Dodoma, nimeyasikia Dar, na yananikera, kwa sababu anayeyasema ukimuuliza amepima vipi anakuonyesha maandishi ya kwenye boksi. Mimi nimepima.

Gari langu ni Hilux Vigo, injini ya 2KD, dizeli ya lita 2.5 yenye tabo, yaani feni inayoisukumia injini hewa ya ziada. Nanunua asali Itigi na vijiji vya kuelekea Rungwa, na nikienda huko nabeba saruji au chumvi kutoka Dodoma. Njia ya Rungwa kiangazi ukipishana na lori inabidi usimame mpaka vumbi litulie uone mbele. Injini ya lita 2.5 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika inavuta kama lita 2,500 za hewa kila dakika, kabla tabo haijaongeza za kwake, na hewa hiyo ina chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikipita kwenye filta zinasaga ringi za pistoni, oili inaanza kupungua, na oveholi ya hiyo injini ni mamilioni.

Nikanunua filta ya kuosha kwa makusudi ya kuijaribu. Bei ilikuwa laki tatu na kitu. Ya karatasi naipata kwa elfu arobaini, hamsini.

Nilianza na nguvu. Mafundi waashi wana ule mpira wa kuona wanaoutia maji kusawazisha kuta. Nikachukua kipande, nikakikunja kama herufi U, nikakifunga kwenye ubao ndani ya kebini mbele ya kiti cha abiria, nikatia maji ya rozela ili yaonekane. Ncha moja nikaiacha wazi, nyingine nikaiunganisha na tundu dogo nililotoboa kwenye boksi la filta, upande wa hewa iliyokwisha kuchujwa. Injini inapovuta kwa shida, maji ya upande ule yanapanda. Filta ikizuia zaidi, yanapanda zaidi.

Mara ya kwanza hayakusomeka kabisa. Injini inavuta kwa mapigo, gari linarukaruka, maji yakawa yanacheza juu chini. Nilikaa na tatizo hilo siku nzima, kisha nikaubana mpira kwa waya mpaka ukabaki upenyo mdogo tu. Maji yakatulia, yakawa yanapanda polepole na kusimama. Hapo nilifurahi kuliko siku niliyolinunua gari.

Mpwa wangu akakaa na rula, tukapanda mlima wa Saranda kuelekea Manyoni tukiwa na saruji, mguu umekanyaga mpaka chini. "Mjomba, yamesimama!" Anaandika. Safari iliyofuata mzigo uleule, mlima uleule, filta ya kuosha. Zote mbili mpya. Ya kuosha ilizuia hewa pungufu kidogo kuliko ya karatasi, hilo ni kweli na sitalificha. Ila tofauti yenyewe ilikuwa upana wa vidole viwili vya maji.

Sasa pima vidole viwili ni kitu gani. Uzito wa hewa pale pwani unabeba maji ya kimo cha kama mita kumi. Itigi iko zaidi ya mita elfu moja juu ya bahari, kwa hiyo mwinuko peke yake umeshatunyang'anya zaidi ya mita nzima ya hayo maji, na Hilux inapanda na mzigo wake bila kulalamika kwa sababu tabo inafidia. Vidole viwili dereva hawezi kuvihisi. Mimi sikuvihisi.

Mafuta nayo hayakubadilika. Wamarekani walilipima jambo hili mwaka 2009 katika maabara ya Oak Ridge: magari ya petroli ya kisasa yenye kompyuta, hata filta ikizibwa makusudi, ulaji wa mafuta haukusogea wa kutajika, gari lilichelewa tu kuchanganya. Kwenye dizeli ndiyo kabisa, kompyuta inapima dizeli inayoingia. Anayekuahidi kuokoa mafuta kwa kubadili filta safi kwa filta nyingine safi anakuuzia maneno.

Jaribio lililoniamulia ni la grisi. Nilisafisha bomba linalotoka kwenye boksi kwenda kwenye tabo, nikapaka ndani grisi nyembamba sana ili inase vumbi litakaloipita filta, nikahakikisha mpira wa ukingo wa filta umekaa sawasawa, nikaenda njia ya Rungwa na kurudi, safari moja kwa kila filta. Kisha nikaifuta ile grisi kwa kitambaa cheupe. Na filta ya karatasi, kitambaa kilitoka na rangi ya grisi tu. Na ile ya kuosha, kilitoka na wekundu wa udongo. Nikaisugua hiyo grisi katikati ya vipande viwili vya kioo. Ilikwaruza, michirizi ilionekana kioo kilipoelekezwa juani. Nilikitunza kile kioo, na fundi akinianzishia mada namwonyesha.

Karatasi nayo ina maadui wake gereji. Wapo wanaoifua kwa sabuni, wapo wanaoielekezea kompresa kwa nguvu zote kila wiki. Usikubali. Vumbi jepesi likishaikalia karatasi hata uchujaji unaongezeka. Ukilazimika kupuliza, puliza taratibu kutoka ndani kwenda nje, kisha ingiza tochi ndani gizani. Ukiona nukta ya mwanga, tupa. Kilichonisaidia kweli ni kile kikombe cha kuzungusha vumbi juu ya snoko, lile bomba refu la kuvutia hewa juu ya gari, kinachotupa nje sehemu kubwa ya vumbi kabla halijafika kwenye filta. Tangu nikifunge, karatasi inadumu msimu mzima wa asali.

Ile ya kuosha nilimpa shemeji, ambaye gari lake ni la petroli na halitoki kwenye lami ya Dodoma mjini. Nilimsisitizia akiiosha aiache ikauke yenyewe, na oili aweke kidogo na ienee, kwa sababu gari lake lina sensa ya waya inayopima hewa inayoingia kwenye injini, na oili ikizidi inakwenda kuugandia waya huo na injini inaanza kusumbua.