Msimbo 157/18 na Lori Lililoishiwa Nguvu Kitonga

Tajiri mmoja wa malori aliniletea semi yake ya Kimarekani yenye injini ya Cummins akiwa amekwishapigiwa hesabu ya pampu mpya ya presha kubwa, kwa sababu fundi aliyenitangulia alichomeka mashine, akasoma msimbo wa hitilafu, akaufuta, kisha akafunga laptopu. Maelezo ya dereva yalikuwa mafupi: likiwa tupu lori linakwenda vizuri, ila likianza kupanda mlima wa Kitonga na mzigo, linaishiwa nguvu na taa ya injini inawaka.

Msimbo ulikuwa SPN 157, FMI 18. Katika J1939, lugha ambayo kompyuta za malori mengi makubwa huzungumza, namba ya kwanza hutaja kinacholalamikiwa, ambacho hapa ni presha ya dizeli ndani ya reli inayolisha nozeli, na ya pili hutaja aina ya kasoro. Ingekuwa 3 au 4 ningeanza na waya na sensa, kwa kuwa hizo huhusu volti iliyozidi au iliyopungua. Namba 18 ina maana kwamba kompyuta inakiamini kipimo na presha kweli iko chini. Nani ameishusha, haisemi.

Mwanzoni programu ilikataa kabisa kuungana na lori. Nilizima swichi, nikapima kwa mita kati ya pini C na D za plagi ya pini tisa, ile ambayo fundi huchomeka kebo yake, nikapata omu 60, ambazo ndizo zinazotakiwa, kwani vizuizi viwili vya omu 120 kila kimoja hukaa kwenye ncha za waya zinazobeba mawasiliano ya J1939. Ningepata 120, ningejua kimoja kimekatika. Basi sikugusa waya za lori. Kilichoharibika, nakiri kwa aibu, kilikuwa kebo yangu mwenyewe.

Kumbukumbu ya hali ya injini wakati hitilafu ilipojitokeza ilikuwa imefutwa pamoja na msimbo, kwa hiyo ilibidi tuingie barabarani na mzigo. Katika INSITE, programu ya Cummins ya kuchunguza injini, niliweka mistari miwili kwenye grafu moja, presha inayoagizwa na presha halisi. Injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, mistari ilikwenda sambamba. Dereva alipokanyaga hadi chini, ule wa presha halisi ukaachwa nyuma, ukazidi kuachwa.

Kuhusu njia ya dizeli kutoka tangi hadi kwenye pampu, programu haikuwa na la kunionyesha. Nilifunga hapo kipande cha mpira mweupe unaopitisha mwanga, na injini ilipoongezwa mwendo, mapovu yakapita yakifuatana kama shanga. Pampu ilikuwa inavuta hewa. Tulipofungua kichwa cha filta tulikuta oringi, yaani mpira wa duara wa kuziba maungio, imekaa upande, imebanwa na kukatika, bila shaka tangu filta ilipobadilishwa mara ya mwisho. Tulifunga mpya, tukatoa hewa, tukarudi barabara ileile na mzigo uleule, na safari hii mistari ikashikana hata mguu wa dereva ulipokuwa chini kabisa.

Tulibishana kidogo kuhusu malipo, maana tajiri aliona alichonunua ni oringi tu. Nilimfungulia grafu zote mbili, ya kabla na ya baada, akazitazama kwa muda, akalipa.