Mchina yupi unayemsema?

Kijana anayejiandaa kuja China kusoma, kufanya kazi au kufuata mzigo hufika na picha mbili kichwani. Ya kwanza ni ya taifa la maroboti: watu wanapiga kazi usiku na mchana, hawalalamiki, na kila mmoja ana alama zake serikalini. Ya pili ni ile ya vijiweni kwetu: Mchina mjanja, anauza feki, anakula kila chenye miguu isipokuwa meza. (Utani huo wa meza ni wa Wachina wenyewe, wanawatania watu wa Guangdong.) Picha hizo zina chembe za ukweli, ndiyo maana hazifi. Ila hazikusaidii chochote ukishakaa meza moja na mtu, ukataka kujua kwa nini amekujibu alivyokujibu.

Kinachosaidia ni maswali matatu. Huyu kazaliwa miaka gani? Katoka mkoa gani? Na hukou yake, yaani usajili wa kaya yake, iko wapi?

Tuanze na umri, kwa sababu Wachina wenyewe hujigawa hivyo. Waliozaliwa miaka ya 1980 huitwa balinghou, wa 1990 ni jiulinghou, wa 2000 na kuendelea ni linglinghou, na kila kundi huliona jingine kama watu wa nchi nyingine. Hawakosei sana. Mwenye kiwanda wa miaka sitini na kitu pale Dongguan, mji wa viwanda mkoani Guangdong, alikua wakati nafaka inanunuliwa kwa vibali vya mgawo, na vibali hivyo vilifutwa kabisa mwaka 1993. Ameona mageuzi ya uchumi ya 1978 yakianza, ameona Shenzhen ikifanywa eneo maalumu la kiuchumi mwaka 1980. Akikwambia vijana wa siku hizi ni wavivu, anapima kwa kipimo hicho. Mtu wa rika lake ukimwambia unatoka Tanzania au Zambia, usishangae akitaja Tan-Zan tielu, yaani TAZARA, kilomita 1,860 zilizojengwa kati ya 1970 na 1975. Mjukuu wake atakuuliza kama umewahi kuona simba.

Kijana wa ofisini naye ana hesabu nyingine. Sera ya mtoto mmoja ilianza mwishoni mwa miaka ya 1970 na ikaisha mwaka 2015. Tangu 2016 wanandoa waliruhusiwa watoto wawili, tangu 2021 watatu, na bado idadi ya watu ilianza kupungua mwaka 2022. Kwa hiyo kijana wa mjini aliyezaliwa 1990 mara nyingi hana kaka wala dada wa tumbo moja, na wazazi wawili na babu na bibi wanne wanamtazama yeye. Lakini usiseme Wachina wote ni mtoto mmoja mmoja. Vijijini, mikoa mingi iliruhusu mtoto wa pili kama wa kwanza ni wa kike, na makabila madogo yalikuwa na masharti nafuu zaidi.

Na hiyo habari ya kupenda kazi? Sheria ya kazi inasema saa 8 kwa siku, wastani usiozidi saa 44 kwa wiki, na saa za ziada zisizidi 36 kwa mwezi. Utaratibu wa 996, yaani saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku siku sita kwa wiki, Mahakama Kuu ya Watu ilitamka Agosti 2021 kuwa ni kinyume cha sheria. Bado upo, na wanaoufanya wanauchukia. Neno lao ni neijuan: kusukumana kusikoongeza kitu, kama watu walio uwanjani ambao wa mbele akisimama, wote nyuma nao wanalazimika kusimama, na hakuna anayeona vizuri kuliko mwanzo. Wanaoamua kutosimama wana neno lao pia, tangping, kujilaza chali. Juni 2023 ukosefu wa ajira mijini kwa wenye miaka 16 hadi 24 ulifika asilimia 21.3. Serikali ikasitisha kutangaza takwimu hiyo, kisha ikairudisha ikiwa imewaondoa wanafunzi kwenye hesabu. Ukimsifia kijana wa huku kwa "uchapakazi wenu", atatabasamu tu. Mwulize kuhusu neijuan, mtaongea hadi chai ipoe.

Tofauti ya umri inaonekana hata kwenye kikatuni kimoja cha WeChat, programu yao ya ujumbe wa simu, kile cha uso wa manjano unaotabasamu kidogo. Bosi wa miaka hamsini na tano akikutumia, anatabasamu. Mwenzako wa miaka ishirini na sita akikutumia, kuna uwezekano mkubwa kakereka nawe. Vivyo hivyo "hehe": kwa vijana si kicheko, ni dharau. "En", yaani "mm" au "sawa", ikiwa moja ni baridi, "en en" mbili ni upole. Bosi akitoa agizo kwenye kundi, jibu ni shoudao, nimepokea, ndani ya dakika chache. Usimwandikie mtu "upo?" peke yake ukasubiri, sema shida yako kwenye ujumbe huohuo. Na usimtumie mkubwa wako sauti ya sekunde sitini, hawezi kuisikiliza kikaoni.

Swali la mkoa linafuata. China ina makabila 56 yanayotambuliwa rasmi, Wahan wakiwa zaidi ya asilimia 91, lakini hata hao Wahan hawaelewani wakiongea lugha za makwao. Guangzhou wazee wa mtaani wanaongea Kikantoni, na Kichina sanifu ulichojifunza darasani wanakijibu kwa lafudhi itakayokupoteza. Mezani ndiko mikoa inakojionyesha zaidi. Shandong pombe ni shughuli rasmi: kiti cha kila mtu kina maana, baijiu, pombe yao ya nafaka, ni kali, kwa kawaida asilimia 50 na kitu, na kikombe chako unakigonga chini ya ukingo wa kikombe cha mkubwa wako. Guangdong mambo ni chai, na ukimiminiwa unagonga meza kwa vidole viwili kushukuru, bila kukatiza mazungumzo. Kama hunywi kwa dini au kwa afya, sema kabla ya kikombe cha kwanza, kisha omba yi cha dai jiu, chai badala ya pombe. Ukinywa kimoja ukakataa cha pili, umeshamwaibisha mwenyeji.

Waislamu wenzetu hufika wakidhani watakufa njaa. Tafuta maandishi 清真, qingzhen, yenye maana ya halali. Karibu kila mji una vibanda vya tambi za kuvutwa kwa mkono zinazoitwa za Lanzhou, na vingi vinaendeshwa na Wahui, Waislamu wanaoongea Kichina, wengi wao kutoka Hualong mkoani Qinghai. Hiyo nyama ya mbwa ambayo kila mtu kwetu anaiulizia, Wachina wengi hawajaigusa maishani. Wizara ya Kilimo iliwaondoa mbwa kwenye orodha ya mifugo mwaka 2020, na Shenzhen ikapiga marufuku kuwala, mbwa na paka, kuanzia Mei 1 mwaka huohuo.

Swali la hukou ndilo wageni wengi hawalijui kabisa. Ni usajili wa kaya, kwa mfumo wa tangu 1958, unaokufunga na mahali unapotambulika rasmi. Kwetu mtu akitoka Kigoma akahamia Dar, mwanawe anaandikishwa shule ya Dar na mambo yanaisha. Hapa, fundi cherehani kutoka kijiji cha Hunan anaweza kuishi Guangzhou miaka ishirini, akalipa kodi na pango, na bado hukou yake iko Hunan. Mwanawe huenda akasoma shule ya msingi mjini, lakini kwa kawaida mtihani wa kuingia chuo kikuu, gaokao, unaofanyika kuanzia Juni 7 kila mwaka, ataufanyia mkoa wa hukou yake, na kila mkoa una nafasi zake za vyuo. Ndiyo maana watoto wengi wanabaki kijijini na bibi. Mwaka 2014 serikali ilitangaza kufuta tofauti ya hukou ya shamba na ya mjini, na miji midogo imelegeza, ila miji mikubwa inatoa hukou kwa kuhesabu pointi: elimu, ujuzi, miaka ya kuchangia bima. Mwenzako akikataa kazi nzuri Shanghai akarudi mji wa mkoani kwao, usimwone hana malengo. Huenda mtoto anakaribia umri wa shule.

Hizo alama za serikali sasa. Hakuna namba moja ya kitaifa anayopewa kila raia. Kilichopo ni vitu kadhaa vilivyochanganywa kwenye habari. Mahakama zina orodha ya watu waliohukumiwa kulipa deni na wanakwepa ilhali wanacho, na hao huzuiwa kupanda ndege na treni ziendazo kasi. Kampuni zina kumbukumbu zao za ukiukaji wa sheria. Zhima Credit ni ya kampuni binafsi, inafanana na tathmini za mikopo ya simu kwetu. Miji michache ilijaribu pointi za wakazi. Udhibiti upo, tena mwingi: kamera, mtandao uliofungiwa, WhatsApp haipiti tangu 2017. Lakini ukizungumzia "alama" mbele ya Mchina, wengi watakuuliza alama gani.

Ulinzi unaokuhusu wewe ni mwingine. Ukifikia nyumba ya mtu badala ya hoteli, jiandikishe kituo cha polisi ndani ya saa 24. Usipofanya hivyo faini inaweza kufika yuan 2,000. Hotelini wanakuandikisha wenyewe. Ukiingia kwa viza ya Z (ya kazi) au X1 (ya masomo ya muda mrefu), omba kibali cha ukaazi ndani ya siku 30. Kuzidisha siku ni yuan 500 kwa siku hadi 10,000, na kufanya kazi bila kibali ni yuan 5,000 hadi 20,000, pengine na siku kadhaa mahabusu. Wanafunzi wanaofundisha Kiingereza kwa kificho wananaswa hapo.

Rangi yako utaikumbushwa. Watu watakupiga picha, bibi wa kwenye basi atakugusa nywele. Mara nyingi ni mshangao tu. Ukisikia "neige, neige", linalosikika kama lile tusi la Kiingereza kwa watu weusi, usikunje ngumi: ni sawa na letu la "yaani, nanii". Ila ubaguzi halisi upo pia. Aprili 2020 Waafrika Guangzhou walitolewa nyumbani na kwenye hoteli kwa kisingizio cha korona, na wenye nyumba wanaokataa wapangaji weusi bado wapo. Tafuta nyumba kupitia Mwafrika mwenzako anayehama, na hakikisha mwenye nyumba amekubali kwa maandishi kukuandikisha polisi.

Kuna mahali Mswahili ana nafuu kuliko Mzungu, nayo ni heshima. Baba mkubwa ni bobo, baba mdogo ni shushu, mjomba ni jiujiu, shangazi ni gugu. Mzungu anahangaika kuzitenganisha, sisi tumezaliwa nazo. Mfanya usafi mtu mzima mwite ayi, kama unavyomwita mama mdogo. Dereva na fundi wote ni shifu, na neno "fundi" ndilo hasa tafsiri yake. Bosi ni jina la ukoo na zong: Wang zong. Jina la ukoo linatangulia. Mhudumu wa hoteli ya chakula usimwite xiaojie, neno la kitabuni ambalo bara limeshachafuka, sema fuwuyuan. Na zawadi: usitoe saa ya ukutani, kwa sababu kutoa saa kunasikika kama kusindikiza maiti. Kofia za kijani pia ziache nyumbani, hata kama ni za chama. Huku mwanamume anayevaa kofia ya kijani anajitangaza kwamba mkewe anatembea nje.

Nafuu ya pili ni kwamba tunajua kukataa bila kusema hapana. "Tutaona", "njoo kesho", "Mungu akipenda": hata huku yapo. Ukimwuliza msambazaji kama mzigo utakuwa tayari tarehe 20, akajibu mei wenti, hakuna shida, bila kurudia tarehe, hajakuahidi. Yinggai keyi ni "nadhani itawezekana". Jinliang ni "nitajitahidi", na uzito wake ni uleule wa kwetu. Kaolü kaolü, ngoja nifikirie, na bu tai fangbian, ina usumbufu kidogo, zote ni hapana. Usimbane mbele ya watu. Mwandikie pembeni, omba tarehe kwa maandishi kwenye ankara ya awali, na picha za mzigo ukiwa kwenye laini ya uzalishaji. Malipo ya kawaida ni asilimia 30 kuanzia kazi na 70 kabla ya kupakia. Hiyo 70 usiitoe kabla ya ukaguzi.

Kalenda ndiyo inayowaumiza wengi. Mwaka mpya wa Kichina huangukia kati ya Januari 21 na Februari 20, na wafanyakazi wa viwandani huanza kuondoka wiki moja au mbili kabla, kurudi ziliko hukou zao, kwa watoto na wazazi. Viwanda vingi haviamki vizuri mpaka ipite siku ya kumi na tano ya mwaka mpya. Agizo lisiloingia kiwandani miezi miwili kabla ya sikukuu, lihesabu ni la Machi. Tena baadhi ya mafundi hawarudi: wamepata kazi karibu na kwao, nafasi zao zimeshikwa na wageni wa mashine. Mzigo wa kwanza baada ya sikukuu ndio wenye mishono iliyopinda na zipu zinazokwama, hivyo fungua maboksi mengi kuliko kawaida, na anza na yaliyo katikati ya rundo.