Saratani ya puru na ule utando mweupe

Mtazame mchunaji hodari wa mbuzi pale machinjioni, iwe Kongwa au Mpwapwa. Kisu chake hakikati ngozi wala nyama. Kinapita katikati, kwenye utando mweupe kama wa buibui, na damu inayotoka ni kidogo. Asiyeijua njia hiyo huacha vipande vya nyama kwenye ngozi. Bill Heald, daktari bingwa wa upasuaji wa Basingstoke, Uingereza, alionyesha kwamba njia ya namna hiyo ipo pia ndani ya nyonga ya binadamu, na kwamba kuitoka njia hiyo ndiko kunakofanya saratani ya puru irudi.

Puru ni sentimita 15 hivi za mwisho za utumbo mpana. Nyuma na pembeni imefunikwa na furushi la mafuta lenye mishipa ya damu na tezi za limfu, liitwalo mesorektamu. Zamani wapasuaji wengi waliibandua puru kwa kuingiza mkono na kuvuta. Mkono hauoni utando: huchana furushi, na sehemu ya mafuta hubaki nyongani. Mwaka 1982 Heald na wenzake walieleza wagonjwa 5 waliokutwa na chembe za saratani ndani ya mafuta hayo, sentimita kadhaa chini ya uvimbe wenyewe. Katika wagonjwa 50 waliotolewa mesorektamu yote kwa matumaini ya kupona, na kufuatiliwa kwa zaidi ya miaka 2, hakuna aliyerudiwa na saratani nyongani. Hapakuwa na dawa mpya. Kilichobadilika ni mahali kisu kinapopita.

Kazi huanzia juu. Mshipa mkuu wa damu wa eneo hilo hufungwa karibu na chanzo chake, kisha utumbo huvutwa mbele taratibu hadi utando uonekane umetanuka na kung'aa. Hapo hukatwa kwa mkasi au kisu cha umeme, chini ya macho, kidogo kidogo. Neva za kibofu na za nguvu za kiume hushuka pembeni, zimeshikana na ukuta wa nyonga. Ukienda nje mno unazikata, ukienda ndani mno unaacha saratani. Uvimbe ukiwa juu, mesorektamu hukatwa sentimita 5 chini yake. Ukiwa katikati au chini, hutolewa yote. Ukuta wa utumbo wenyewe hauhitaji nafasi kubwa hivyo. Sentimita 1 au 2 mara nyingi zinatosha kwa uvimbe wa chini, na ndiyo maana si kila mgonjwa lazima abaki na mfuko wa kinyesi maisha yote.

Gharama yake ni mshono. Ukiunganisha utumbo uliobaki chini, karibu na mlango wa haja, damu inayofika hapo ni kidogo na mshono unaweza kuvuja. Homa, mapigo ya kasi na tumbo kujaa katika wiki ya kwanza visichukuliwe kuwa malaria mpaka mshono uwe umechunguzwa. Wengi huwekewa mfuko wa muda kuulinda. Waelezwe kabla ya upasuaji, si baada ya kuzinduka.

Mionzi nayo ina nafasi yake. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2001 ulitumia dozi ya Gy 5 (Gy, yaani grei, ni kipimo cha mionzi) kila siku kwa siku 5 kabla ya upasuaji huu. Baada ya miaka 2, saratani ilirudi nyongani kwa asilimia 2.4, dhidi ya 8.2 kwa waliopasuliwa tu. Muda wa kuishi haukutofautiana. Kwa mgonjwa wa Dodoma anayepelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, siku 5 zinabebeka kuliko wiki 5 za mionzi ya muda mrefu, huku amepanga chumba. Ila tarehe ya upasuaji iwe imeshapangwa kabla hajapanda treni: ama ndani ya wiki moja baada ya dozi ya mwisho, ama wiki 4 hadi 8 baadaye.

Haya yote hayamsaidii aliyetibiwa bawasiri miezi 8 bila kupimwa kwa kidole. Inaniuma, kwa sababu uvimbe mwingi wa chini hufikiwa na kidole chenye glavu na mafuta ya kulainisha, na kipimo hakizidi dakika 2. Damu kwenye choo inayojirudia, choo kubadilika, kuhisi haja haijaisha: pima kwa kidole, kisha kamera, kisha chukua kinyama kidogo kikapimwe maabara.

Phil Quirke, mtaalamu wa patholojia (uchunguzi wa nyama za mgonjwa maabara) wa Leeds, Uingereza, ndiye aliyefundisha kukikagua kilichotolewa. Mesorektamu nzuri ni laini, nono, yenye mashimo yasiyozidi milimita 5. Mbovu imechanika mpaka msuli wa utumbo unaonekana. Mtaalamu wa patholojia hupaka wino upande wa nje, hukata vipande vya milimita 3 hadi 5, hupima umbali wa saratani kutoka kwenye wino, kisha hutafuta tezi zisizopungua 12. Umbali wa milimita 1 au chini ya hapo ni hatari. Kwa hiyo mpasuaji apige picha ya nyama ikiwa mbichi, mbele na nyuma, asiipasue mwenyewe sehemu yenye uvimbe, na aitumbukize kwenye ndoo pana yenye dawa ya kuhifadhi, formalini ya asilimia 10, mara 10 ya ujazo wa nyama. Ikibanwa kwenye kikopo kidogo, katikati huoza kabla dawa haijafika, na milimita ile 1 haipimiki tena.