Kitako cha Plastiki na Bunduki ya Marehemu Baba

Mpwa wangu alinikuta chini ya mti shambani kwetu, upande wa Bahi, nimeikunja bunduki ya marehemu baba na ninapitisha kitambaa chenye mafuta ndani ya mtutu wa kushoto, ambao siku zote hushika masizi kuliko mwenzake. Ni shotigani ya mitutu miwili, yenye umri mkubwa kuliko wangu, na kitako chake cha mti kina ufa ambao baba aliuviringishia waya wa shaba baada ya kuiangusha kwenye mawe usiku mmoja akimfukuza fisi zizini. Kijana alinisalimu, akakaa juu ya debe, akaitazama ile kazi kwa muda, kisha akaniuliza swali ambalo nadhani alikuwa amelibeba tangu mjini: "Hivi mjomba, kwa nini Wamarekani wanapelekana hadi Mahakama ya Juu kwa sababu ya kitako cha plastiki?"

Nilimjibu kwa ufupi siku ile, kwa kuwa jua lilikuwa linazama na bunduki haifai kulala nje ya sanduku lake, lakini jibu lenyewe linahitaji nafasi zaidi, nami nimekuwa nikilifuatilia suala hili kwa miaka kadhaa kwa jicho la mtu ambaye naye ana leseni na ana la kupoteza.

Kitako alichokisema huitwa kwa Kiingereza bump stock. Bunduki ya kawaida ya nusu otomatiki hutoa risasi moja kila unapokivuta kifyatulio, na kasi yake inategemea wepesi wa kidole chako. Kitako hiki kinaifanya bunduki iteleze mbele na nyuma: msukumo wa risasi inapotoka unairudisha nyuma, mkono wa kushoto unaisukuma mbele, na kifyatulio kinakwenda chenyewe kukigonga kidole ambacho kimetulia tu mahali pake. Matokeo yake ni mfululizo wa risasi unaokaribia ule wa bunduki ya kijeshi. Tarehe 1 Oktoba 2017, mtu mmoja aliyejificha ghorofa ya 32 ya hoteli mjini Las Vegas, akiwa na bunduki kadhaa zilizofungwa vifaa hivyo, alifyatua zaidi ya risasi 1,000 kwa takriban dakika 10 kuelekea kwenye umati wa watu waliokuwa wakisikiliza muziki. Waliouawa, pamoja na wawili waliofariki miaka michache baadaye kwa majeraha yale, ni 60.

Mtu wa mbali angedhani kwamba baada ya hapo wamiliki wa bunduki wa kule wangegawanyika katika makundi mawili tu, wanaokubali na wanaokataa. Haikuwa hivyo. Chama chao kikubwa, NRA, kilitamka siku chache tu baadaye kwamba vifaa hivyo vinastahili kuwekewa masharti zaidi, kauli ambayo iliwashangaza wengi, ingawa kilitaka jambo hilo lifanywe na idara ya serikali badala ya kutungiwa sheria bungeni. Kundi jingine, Gun Owners of America, lilikataa katakata na baadaye likaenda mahakamani. Wapo pia wengi ambao hawakuwahi kukimiliki kitako hicho, waliokidharau kwa sababu kinaharibu shabaha, na ambao hata hivyo walipinga kukipiga marufuku. Hao ndio walionivutia zaidi, kwa kuwa hoja yao haikuwa juu ya kitako. Walikuwa wanauliza ni kitu gani kitafuata.

Hofu hiyo haikuzuka hewani. Mwaka 2013, baada ya mauaji ya watoto wa shule huko Connecticut na ya watu waliokuwa ndani ya ukumbi wa sinema huko Aurora, Colorado, yote ya mwaka 2012, jimbo hilo la Colorado lilipitisha sheria ya kuzuia uuzaji wa magazini, yaani vikasha vya risasi vinavyopachikwa kwenye bunduki, zinazobeba zaidi ya risasi 15, lakini likawaachia wenye nazo tayari waendelee kuzimiliki. Pamoja na msamaha huo, wananchi walikusanya saini na kuitisha kura ya kuwaondoa maseneta wawili wa jimbo, akiwemo rais wa seneti, nao wakaondolewa mwezi Septemba mwaka huohuo. Kampuni ya Magpul, iliyokuwa ikitengeneza magazini ndani ya jimbo hilo, ilihamisha shughuli zake. Miaka mitano baadaye, Vermont ilipokuwa karibu kuweka kikomo cha aina hiyo, kampuni hiyohiyo iligawa bure magazini 1,200 za risasi 30 kwenye mkutano wa wapinzani wa sheria mjini Montpelier, ili ziwe mikononi mwa watu kabla mlango haujafungwa. Nilipomsimulia mpwa wangu kisa hicho alicheka, akasema ni kama watu wanavyokimbilia kujaza madumu wanaposikia bei ya mafuta inapanda usiku wa manane.

California ndiko kwenye funzo ambalo wamiliki wa majimbo mengine hawalisahau. Tangu mwaka 2000 uuzaji wa magazini za zaidi ya risasi 10 ulizuiwa, na aliyekuwa nazo kabla ya hapo aliruhusiwa kubaki nazo. Kisha mwaka 2016 wapiga kura wakapitisha pendekezo lililoiondoa ruhusa hiyo, kwa maana kwamba mtu aliyekuwa ametii sheria kwa zaidi ya miaka 15 alitakiwa sasa azitoe nje ya jimbo, aziuze kwa mfanyabiashara wa silaha mwenye leseni au azisalimishe polisi. Kesi zimekuwa zikipanda na kushuka tangu wakati huo, lakini doa lilikwisha kuingia: ahadi ya "ulichonacho ni chako" ilionekana kuwa ina tarehe ya mwisho isiyoandikwa.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa vitako. Massachusetts ilipitisha marufuku mwezi Novemba 2017, na ilipofika Februari 2018 kubaki na kifaa hicho, hata kama ulikinunua dukani kwa risiti, lilikuwa kosa. Serikali ya shirikisho ilifuata kwa kanuni iliyoanza kutumika tarehe 26 Machi 2019, ikivihesabu vitako kuwa bunduki za rashasha na kuwataka wenye vitako hivyo, ambavyo idara husika ilikadiria kuwa kati ya 280,000 na 520,000, waviharibu au wavipeleke ofisini kwake. Hakuna aliyelipwa hata senti. Waliodai fidia mahakamani walishindwa. Hapo ndipo alipojitokeza Michael Cargill, mwenye duka la bunduki mjini Austin, ambaye alisalimisha vitako vyake viwili kisha akafungua kesi, akidai kwamba idara haina mamlaka ya kukiita kitako "bunduki ya rashasha" wakati Bunge lenyewe halijasema hivyo.

Tarehe 14 Juni 2024 Mahakama ya Juu ilikubaliana naye, majaji sita kwa watatu. Sheria ya kule huiita rashasha bunduki inayotoa risasi zaidi ya moja kwa kifyatulio kufanya kazi mara moja, na mabishano yote yalikuwa juu ya nini maana ya maneno hayo ya mwisho: wengi wao walisema kidole kinagongwa upya kwa kila risasi, kwa hiyo si rashasha; Jaji Sonia Sotomayor, kwa upande wa wachache, alisema anayeona ndege anayetembea, kuogelea na kulia kama bata humwita bata. Mimi niko na Sotomayor kuhusu bata, na niko na wale wengine kuhusu ni nani mwenye haki ya kulibadilisha jina lake. Uamuzi huo haukugusa marufuku za majimbo, ambazo ni zaidi ya kumi, na huko malalamiko yanaendelea vilevile.

Sasa nirudi nyumbani, maana mpwa wangu alidhani haya ni mambo ya watu waliokosa kazi. Kwetu bunduki ni ruhusa, haijawahi kuwa haki ya kikatiba kama ilivyo kwao tangu mwaka 1791, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimpi mtu nafasi ya kufikiri vinginevyo. Hata hivyo, mwaka 2016 wakati wa uhakiki wa silaha nilikaa kwenye benchi nje ya kituo kimoja cha polisi hapa Dodoma, bunduki ikiwa ndani ya gunia safi na leseni mfukoni, na niliyoyasikia pale hayakutofautiana sana na ya Colorado. Mzee mmoja kutoka Kondoa, aliyekuja na bunduki ya kulindia mtama dhidi ya ngedere na nguruwe pori, alisema kwa sauti ya chini: "Leo wanahesabu. Mwenye ng'ombe anajua kwa nini mtu huhesabu ng'ombe wa mwenzake." Watu walicheka, lakini hakuna aliyempinga, kwa sababu Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013, ile ya kupambana na majangili, iliyosimamishwa baada ya kilio cha wabunge na kuwagharimu mawaziri wanne nafasi zao, ilikuwa bado mbichi vichwani.

Mimi nilirudishwa mara tatu, kwa kuwa namba iliyochongwa kwenye chuma ilikuwa imefutika nusu na kila afisa aliisoma kwa namna yake, mmoja akiona 3 na mwingine akiona 8. Niliporuhusiwa hatimaye, nilipewa kipande cha karatasi chenye mhuri, nacho hadi leo kimo ndani ya leseni yangu.

Kwa hiyo, ukiniuliza kama kitako kile kinastahili kuwa mikononi mwa raia, nitajibu hapana bila kusita. Sioni kazi yake shambani, na fisi hangoji risasi ya tatu. Lakini siwezi kumcheka mtu aliyenunua kitu kihalali, akakiweka kabatini bila kumdhuru yeyote, kisha akaambiwa akipeleke ofisini na arudi mikono mitupu. Jimbo linaloamini kwamba kifaa ni cha hatari kiasi hicho lingeweza kukinunua kwa bei yake, na wengi wa wale waliokidharau tangu mwanzo wangekosa sababu ya kusimama barabarani na mabango.

Tulipokuwa tunafunga sanduku, kijana aliniuliza ningefanya nini kama ingetolewa amri kwamba mitutu miwili imekuwa mingi mno. Nikamwambia ningeipeleka siku hiyohiyo. "Bure, mjomba?" Nikamwambia anishikie tochi, kwa kuwa kufuli la sanduku hilo husumbua gizani.