Hita iliyokata sekunde ya 48

Ilikuwa 2017. Gari lilikuwa dogo, la petroli, silinda nne, na taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Mashine ya kusoma makosa ilitoa kodi (namba ya kosa) moja tu, P0135, yaani saketi ya hita, kile kipasha joto, ya sensa inayopima oksijeni kwenye moshi, benki ya 1 (upande wa injini wenye silinda ya kwanza), sensa ya 1. Ukipata kodi hii, kishawishi cha kwanza ni kubadilisha sensa bila kuipima. Mimi niliipima, nikaiona nzima, nikazigeukia nyaya. Na sensa ndiyo ilikuwa mbovu.

Sensa ya 1 ni ile inayokaa kwenye bomba la moshi kabla ya katalisti, kile kisafisha moshi. Hiyo ilikuwa ya nyaya nne. Mbili zenye rangi moja ni za hita, na upande wa sensa haijalishi upi unapewa chanya na upi hasi. Ya tatu hubeba ishara kwenda kwenye kompyuta ya injini, ya nne ni hasi ya ishara. Hita ipo kwa sababu seramiki ya zirkonia iliyo kwenye ncha haitoi ishara ya kuaminika mpaka ifike joto la nyuzi 300 hivi. Sensa za mwanzo kabisa, zilizoanza kufungwa kwenye Volvo mwaka 1976, hazikuwa na hita, zikasubiri moshi wenyewe uzipashe. Yenye hita huwa tayari ndani ya dakika moja, pengine chini ya hapo, halafu kompyuta inaanza kurekebisha mafuta kwa kufuata ishara yake. Kabla ya hapo hupiga mafuta kwa makadirio.

Nilianza na fyuzi. Ilikuwa ya ampia 15, nikaipima juu ya migongo yake miwili bila kuichomoa, pande zote mbili volti 12.4. Fyuzi ya hita mara nyingi hulisha vitu vingine pia, hivyo ingekuwa imekatika pengine gari lingelalamika kwa mengine. Nikachomoa plagi ya sensa, injini ikiwa baridi, nikapima omu, yaani ukinzani, kati ya zile nyaya mbili za hita upande wa sensa: 12.9. Kitabu cha gari lile kilitaka kati ya omu 11 na 16 kwenye nyuzi 20. Nikapima kila waya wa hita na ganda la chuma la sensa, hakuna mgusano. Kwa vipimo hivyo hita ilikuwa salama, na hapo ndipo nilipopotea.

Nyaya sikuzichukulia juu juu. Volti ya plagi unayoipima kwa multimita, yaani kipima umeme, peke yake haikuambii mengi, kwa sababu multimita haivuti mkondo wa maana. Waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba bado utakuonyesha volti 12 kamili, halafu ukiupa kazi unaanguka. Kwa hiyo nilichukua balbu ya breki ya wati 21, nikaifunga kati ya waya wa chanya wa plagi, upande wa gari, na hasi ya betri. Balbu hiyo huvuta karibu ampia 1.75, zaidi ya hita yenyewe. Iliwaka vizuri na volti ikashuka kidogo tu, mpaka 12.1. Upande wa pili, ule ambao kompyuta huupeleka hasi kwa kukata na kuunga, nilitumia balbu ndogo ya wati 5, injini ikiwa imewashwa. Usiweke balbu ya wati 21 upande huo. Transista ya kompyuta, ile swichi yake ya ndani, imepangiwa mzigo wa hita, na hita haivuti kiasi hicho. Balbu ndogo ilipepesa kama inavyotakiwa.

Umeme ulikuwa unafika na kompyuta ilikuwa inafanya kazi yake. Nilichobakiza ni mkatiko wa kuja na kuondoka, na kwa bahati mbaya nikapata cha kuulaumu. Nilipofungua tepu ya mkungu wa nyaya, karibu na bati la kuzuia joto la manifoldi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda), waya mmoja wa hita ulikuwa umekauka ganda lake mpaka linapasuka likikunjwa. Shaba ndani ilikuwa inang'aa. Niliukunja, nikauvuta, nikautikisa huku balbu ikiwaka, haikuyumba hata mara moja. Pamoja na hayo nilijiridhisha kwamba huo ndio ugonjwa. Nikauvalisha tepu ya kuhimili joto, nikausogeza mbali na bati, nikafuta kodi, gari likaondoka.

Siku mbili baadaye mwenyewe akapiga simu: "Fundi, ile taa imerudi."

Siku mbili si ajabu. Kwenye magari mengi kompyuta haiwashi taa kwa P0135 mara ya kwanza inapoona kosa. Huliweka kando kama kosa linalosubiri, na likijirudia safari inayofuata ndipo taa inawaka. Kwa hiyo hita ilikuwa inakosa karibu kila safari, si kwa nadra kama nilivyodhani. Hapo nikafanya nilichopaswa kukifanya siku ya kwanza, nikasoma ile picha ya takwimu ambayo kompyuta huihifadhi kosa linapotokea. Mizunguko 820 kwa dakika. Mwendo kilomita 0. Joto la maji nyuzi 38. Muda tangu injini kuwashwa: sekunde 74.

Namba hiyo ya mwisho ilinikalisha chini. Hita iliyokatika kabisa kompyuta huigundua mapema. Waya unaoguswa na mtikisiko huleta kosa gari likiwa barabarani, kwenye mashimo. Hapa gari lilikuwa limesimama, injini bado ina ubaridi, na kosa likaja baada ya hita kuwa imefanya kazi kwa muda. Kitu kilikuwa kizima kikiwa baridi, kinakata kikipata moto. Nami nilikuwa nimeipima hita ikiwa baridi tu.

Nikaliacha gari lilale. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa na imezimwa, nikachomoa plagi na kuilisha hita moja kwa moja kutoka kwenye betri, multimita ikiwa katikati ya njia kama kipima ampia. Kwa anayetaka kufanya hivi, mambo mawili yanaweza kukuharibia siku. La kwanza, hakikisha kwa omu kwamba umeshika nyaya za hita. Ukipeleka volti 12 kwenye waya wa ishara umeiua sensa, na huenda ilikuwa nzima. La pili, waya mwekundu wa multimita lazima uhamie tundu la ampia 10, na ukimaliza urudi tundu la volti. Ukiusahau pale halafu ukagusa ncha mbili za betri kupima volti, umepiga shoti. Mimi hutia fyuzi ya ampia 3 kwenye waya wa kulishia, kwa sababu nimewahi kuusahau.

Kwa omu 12.9 na betri ya volti 12.5 mkondo wa kuanzia unatakiwa uwe karibu ampia 0.97. Ulianza 0.96. Halafu ukaanza kushuka, na hiyo ni kawaida, kwani chuma cha hita kikipata moto ukinzani wake hupanda. Sekunde ya 10 ulikuwa 0.78, sekunde ya 30 ulikuwa 0.63. Hita nzima huendelea kushuka polepole mpaka inatulia mahali. Hii ilifika 0.58, na sekunde ya 48 kioo kikaandika 0.00. Haikuyumba wala kupepesa, ilikata tu. Nikang'oa nyaya haraka na kupima omu: njia iliyokatika. Nikaacha vibano vikiwa vimeshika. Baada ya dakika tatu na kitu multimita ikarudisha namba yenyewe, ikayumbayumba, ikatulia kwenye 13.1, kama hakuna kilichotokea. Nikarudia jaribio mara mbili zaidi. Ilikata sekunde ya 51, halafu ya 46.

Nilitaka pia kuona kilichokuwa kikimsumbua mwenye gari, kwa sababu alilalamikia mafuta kuisha haraka. Niliendesha kama dakika ishirini, nikasimama, nikatazama ishara kwenye grafu. Mara tu baada ya kusimama volti ilipanda na kushuka kati ya 0.1 na 0.9 kama inavyotakiwa. Nikishikilia mizunguko 2,500 ilivuka mstari wa 0.45 zaidi ya mara nane kwa sekunde kumi, hivyo ncha yenyewe haikuwa imechoka. Injini ilipoachwa ingurume bila kukanyagwa, mawimbi yakaanza kufupika, yakawa mazito, na baada ya dakika nne hivi mstari ukalala. Moshi wa injini isiyokanyagwa hautoshi kuishikilia ncha kwenye joto lake bila hita, na kompyuta ikarudi kwenye makadirio. Ukikanyaga, dakika moja baadaye mawimbi yanarudi. Mtu anayekwenda safari ndefu asingehisi kitu. Huyu alikuwa anakaa kwenye foleni kila siku.

Kuifungua ilikuwa kazi ya nusu saa. Uzi wake wa kukazia, kama wa skrubu, ni wa milimita 18, hatua 1.5, na kichwa cha spana ni 22. Tumia soketi yenye mpasuo wa kupitisha waya, maana spana ya wazi huviringa pembe za sensa iliyoshikwa na kutu. Nilipasha injini dakika chache, nikaizima, nikapulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye uzi, nikasubiri. Bomba likiwa na joto kidogo uzi huachia. Likiwa baridi kabisa unaweza kutoka na uzi wa bomba. Nyundo usiitumie. Ndani ya sensa kuna fimbo nyembamba ya seramiki, na ndiyo hita yenyewe.

Mpya niliipima kabla ya kuifunga: omu 13.4. Uzi ulikuja umepakwa grisi yake kutoka kiwandani, sikuongeza nyingine, na ncha sikuigusa. Nikaikaza kwa nyutonimita 42. Plagi nayo sikuitia grisi wala kupulizia dawa ya kusafishia, kwa sababu sensa ya aina hii huvuta hewa safi ya kulinganishia kupitia ndani ya nyaya zake. Kwa sababu hiyohiyo sipendi kuunganisha nyaya za sensa kwa risasi ya kulehemu.

Namba hizi zote ni za sensa ya zamani inayorusha volti kati ya 0.1 na 0.9. Magari mengi ya baadaye yana sensa ya uwiano wa hewa na mafuta mahali hapohapo, na inaweza kuwa na nyaya nne vilevile. Hita yake inaweza kuwa ya omu 2 au 3 tu na huvuta mkondo mkubwa zaidi. Ukiipima kwa kipimo cha omu 11 mpaka 16 utaitupa nzima.

Ikiwa tayari imefungwa, niliilisha ile mpya kwa betri vilevile. Ilianza ampia 0.93, ikashuka, ikatulia 0.55, nami nikaisubiri dakika tano nzima. Haikukata. Kisha nikarudisha plagi, nikafuta kodi, na asubuhi iliyofuata nikaiwasha injini baridi huku nikitazama grafu. Ishara ilianza kupanda na kushuka kabla ya sekunde ya 40.

Ile ya zamani niliipasua kwa grinda kutafuta ufa. Fimbo ilitoka vipande viwili, lakini grinda nayo ingeweza kuivunja, kwa hiyo sikuihesabu kama ushahidi. Tepu ya joto niliiacha palepale kwenye waya. Haikuwa imetibu kitu, ila ganda la waya ule lilikuwa limeungua kweli.