Mto Ruvu, simtanki langu na kabichi za mjomba

Oktoba 2022 sitaisahau aisee. Mi nakaa Kimara hapa Dar, tena maeneo ya Matangini, mtaa umepewa jina kwa sababu ya matanki makubwa ya maji yaliyopo pale, sasa fikiria unakaa Matangini halafu unazunguka na dumu kichwani kama umehamia jana. Bomba lilikata, na simtanki langu la lita 2,000 likaisha siku ya nne. Kuanzia hapo ikawa ni vijana wa mikokoteni, asubuhi bei hii jioni bei ile, na ukimpigia dereva wa boza anakujibu kwa sauti ya mtu aliyeshinda uchaguzi, "kaka mbele yako kuna watu kumi na nne." Nyumbani tukaanza kuoga kwa vikombe, na nguo zilizofuliwa ni sare za shule tu, sisi wengine tujitegemee.

Ndo ikatangazwa rasmi kwamba kutakuwa na mgao, mvua hazijanyesha na Ruvu imeshuka. Mitambo yetu mikubwa ni miwili, Ruvu Juu kule Mlandizi na Ruvu Chini upande wa Bagamoyo, ya kwanza uwezo wake ni lita milioni 196 kwa siku na ya pili 270, jumla 466. Uzalishaji ukashuka mpaka kama milioni 300. Yaani zaidi ya theluthi ya maji ya mitambo hiyo miwili imeyeyuka, na hakuna bomba lililopasuka wala pampu iliyoungua. Mto tu umepungua.

Mtaani kwetu kila mtu alikuwa na jibu moja, serikali ijenge. Ijenge nini sasa? Imejenga. Ruvu Juu ipo tangu 1959, Ruvu Chini tangu 1976, zote zimepanuliwa miaka ya karibuni kwa hela nyingi tu. Ila mtambo hauzai maji jamani, mtambo unachota. Ukiwa na ndoo kubwa na kisima kimekauka utachota mchanga.

Kilichonifungua macho ni kwamba wiki zile zile viongozi wakaanza kupanda juu ya mto kukagua nani anachepusha maji, habari zikawa ni pampu za umwagiliaji, mifugo, watu kulima mpaka kwenye kingo. Nikajiuliza, hivi hawa walianza kuchepusha leo? Sheria ya usimamizi wa rasilimali za maji ipo tangu 2009, inasema maji ni mali ya umma, ukitaka kuyatumia kwa kilimo kikubwa au kiwanda au hata kuchimba kisima kirefu unaomba kibali. Nchi imegawanywa mabonde tisa na kila bonde lina bodi yake, letu sisi ni Wami/Ruvu, ofisi zake ziko Morogoro. Kazi yao kwa maneno ya kawaida ni kupima mto una maji kiasi gani, kuandika nani anachukua ngapi, na ikifika kiangazi kumwambia mtu "wewe zima pampu." Hiyo ndo kazi ya serikali ambayo hakuna mtu mwingine anaweza kuifanya. Bomba hata mhisani anaweza kukujengea, msikiti unaweza, mbunge akitaka kura anaweza. Ila kumwambia mwenye shamba la ekari mia azime pampu ili mtu wa Kimara apikie ugali, nani ana ubavu huo zaidi ya serikali?

Na ni kazi isiyo na utepe wa kukata. Hakuna kiongozi ataitwa na matarumbeta kuzindua daftari la vibali au kijiti cha kupimia kina cha mto.

Tumewahi kuwa na ndoto kubwa lakini. Wazee wanakumbuka mpango wa 1971, miaka ishirini, ikifika 1991 kila mwananchi kijijini awe na maji safi ndani ya mita 400, tena bure. 1991 ikafika, mipango ikaandikwa upya, ikaja sera ya 2002 ikisema watumiaji nao wachangie gharama, na hapa Dar 2003 tukajaribu kumpa mwekezaji, City Water, mwaka 2005 serikali ikavunja mkataba kabla hata hajazoeleka. Vijijini ikaja RUWASA, wakala wa maji vijijini, 2019. Sasa hivi tarehe ya kila mtu ni 2030, lengo namba sita la maendeleo la dunia, maji safi kwa wote. Mi sicheki malengo, mtu asiye na lengo hana hata pa kuchelewa, ila naona kila lengo linahesabu mabomba na vituo vya kuchotea, mto wenyewe haumo kwenye hesabu.

Matokeo yake kila nyumba imekuwa wizara ya maji. Mi nina simtanki, jirani ana mawili na pampu ya kuvuta kutoka bombani (ambayo ndo inamnyima yule wa mlimani, tunajua na tunanyamaza), nyumba ya tatu wamechimba kisima. Rafiki yangu wa upande wa baharini kachimba kisima chake miaka ile kikatoa maji matamu kabisa, wakachimba na wenzake wanne mtaa huo huo, leo chai yake ukinywa unahisi umeongezewa chumvi. Maji ya chini mkivuta wengi bahari inaingia, hapo hata uwe na hela ya pampu ya Ujerumani huponi.

Basi Desemba ile nikaenda Mgeta kumsalimia mjomba. Kwa msioijua, Mgeta iko juu Uluguru, baridi, kijani, kabichi na njegere kila mteremko, na mto Mgeta unashuka mpaka kuingia Ruvu. Mjomba analima kabichi bondeni, mpira wake umetoka kwenye kijito umepita mashamba ya watu watatu. Nikamshika mkono shikamoo, tukala, nikaanza somo langu la mjini. Nikamwambia mjomba, kuna sheria ya mazingira ya 2004, mita 60 kutoka kwenye mto hairuhusiwi shughuli za kuharibu chanzo, ninyi mkilima hapa sisi kule chini tunakauka.

Akanisikiliza vizuri tu. Halafu akaniambia, "Sikiliza mjomba" (kwetu tunaitana hivyo hivyo wote wawili), "hizi kabichi zinakwenda wapi?"

Zinakwenda Dar. Lori linapakia usiku, asubuhi ziko sokoni, na mke wangu anazinunua. Mi nilikuwa nalalamika sina maji wakati nayakatakata kwa kisu kila Jumapili nachanganya na karoti.

Akaendelea. Shamba lake lote halina upana wa kutosha, akiondoka mita 60 kila upande amebaki na jiwe na kaburi la babu. Akanikumbusha pia kuna kipindi miaka ya nyuma kulikuwa na mradi upande mwingine wa milima, Kibungo, wakulima walikuwa wanalipwa kidogo kwa kutengeneza ngazi shambani na kupanda miti ili udongo usiingie mtoni, na hela ilitoka kwa wanaotumia maji huku chini. Sio msaada, malipo. "Hiyo naielewa," akasema. "Hii ya kuja na askari siku mto umekauka siielewi."

Novemba hiyo hiyo ya mgao mkataba wa bwawa la Kidunda ulisainiwa, bwawa lililozungumzwa tangu enzi za Mwalimu, litashika lita bilioni 190 za masika zitusogeze kiangazi. Nimefurahi, kwa kweli tulikuwa tunalihitaji jana. Ila maji ya bwawa hilo yanatoka milimani, kwa kina mjomba, na udongo wao usiposhikwa ndo utakaolijaza bwawa kwa chini taratibu. Kwa hiyo bili yangu ya maji ikija na shilingi mia mbili ya Mgeta imeandikwa pale kabisa, mi nalipa, bora nijue inafika.

Kurudi Dar nilibeba kabichi nne. Maji yalikuwa yametoka usiku wa jana yake, mke wangu akaziosha zote kwa beseni moja, yale maji akapeleka kumwagilia michicha.