Kazi inakwama wapi? Prosesa, kiwanda na majamvi ya karafuu

Watu wa huku Pemba wakijua kwamba mie nasomea usanifu wa kompyuta, yani namna prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, inavopangwa kwa ndani, suali lao la mwanzo huwa hilohilo: sie hata chipu moja hatutengenezi, sasa elimu hiyo ya nini? Suali nalipenda na leo nataka nilijibu kwa urefu, mana naamini kabisa kwamba anaetafiti prosesa na anaetafiti viwanda wanahangaikia jambo moja, kujua kazi inakwama wapi.

Chukua prosesa inayokwenda gigahezi 3. Kila nanosekunde moja, yani sekunde moja ukiigawa mara bilioni, inapiga mapigo 3, na kila pigo ni nafasi ya kufanya hatua moja ndogo ya kazi. Ikihitaji data ambayo haipo karibu inabidi iagize memori kuu, na huko jibu linachukua kama nanosekunde 100, kwahiyo mapigo 300 yanapita prosesa imekaa bure inasubiri. Watafiti wa kompyuta Wulf na McKee mwaka 1995 waliliandikia jambo hili wakaliita ukuta wa memori na mpaka leo ukuta upo. Ndo mana ndani ya chipu mnawekwa kashe, memori ndogo ya haraka ya vitu vinavotumika mara kwa mara, fikra ambayo Maurice Wilkes wa Cambridge aliiandika tokea 1965. Ukiongeza spidi ya prosesa na memori ukaiacha vilevile, ulichopata ni prosesa inayowahi zaidi kufika kwenye kusubiri.

Sasa njoo kwenye karafuu. Msimu ukichanganya wachumaji wako juu ya mikarafuu tokea asubuhi, jioni watu wanakaa kuchambua, makonyo, vile vikonyo vinavoshika karafuu, yanawekwa upande (hayo safari yake ni kiwanda cha Wawi kukamuliwa mafuta kwa mvuke) na karafuu zenyewe zinaanikwa. Tuseme nyumba moja inachuma pishi 20 kwa siku na kukauka kunachukua siku 5. Basi siku yoyote utakayokwenda utakuta pishi 100 ziko chini zinaanikwa, 20 mara 5, hakuna ujanja hapo. Mvua zikiingia kukauka kukawa siku 8 unataka nafasi ya pishi 160, na kama majamvi yako yanabeba 100 tu hizo nyengine zinarundikwa ndani mbichi, zinapata joto, zinapauka, gredi inaanguka. Na hapo ukiongeza wachumaji ndo umezidisha hasara, japokuwa kwa macho utaona kazi inakwenda mbio kweli kweli.

Hesabu hiyo inajulikana kwa jina la John Little alietoa uthibitisho wake 1961. Vitu vilivomo ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kuingia mara muda ambao kila kimoja kinakaa humo. Watu wa viwanda wanaitumia kila siku na sie wa prosesa tunaitumia vilevile bila ya kubadilisha kitu. Memori inajibu kwa nanosekunde 100, wewe unataka kuvuta baiti 64 (baiti ni kipimo kidogo cha data) kila nanosekunde, basi lazima uwe na maombi 100 ya baiti 64 yalioko njiani kwa wakati mmoja. Chipu yenye nafasi ya maombi 20 itapata moja ya tano tu ya kasi hiyo, hata uinunue kwa pesa gani. Mie hapa ndo panaponivutia kuliko pahala pengine pote kwenye elimu hii.

Halafu kuna hesabu ya Gene Amdahl, msanifu wa kompyuta, ya 1967. Kazi ni ya dakika 100, dakika 60 zake unaweza kuzigawa kwa mashine nyingi lakini 40 haziguswi, basi leta mashine elfu moja, hutopita mara mbili na nusu ya kasi ya mwanzo, mana zile 40 ziko palepale. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu kila ikitajwa kuboresha uzalishaji wetu, iwe mwani au dagaa au karafuu, la kwanza linalofikiriwa ni mashine mpya, wakati hakuna aliekaa na saa na daftari akajua ni hatua gani inayowasubirisha wenzake. Taiichi Ohno wa Toyota alikuwa hataki kabisa vitu virundikane baina ya hatua na hatua, hatua ya mbele ndo inayoiagiza ya nyuma kwa kadi za kanban, na mrundiko ukionekana watu wanajua tatizo liko wapi.

Na utafiti huu unawezekana hapahapa. RISC-V, orodha ya amri ambazo prosesa inazielewa, ilianzia chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, 2010, maelezo yake yako wazi na hulipii leseni, na kuna simyuleta, programu ya kuigiza prosesa bila ya kuitengeneza, inaitwa gem5, ya bure, inaendeshwa kwenye Linux. Kijana wa SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, au wa Taasisi ya Karume ya sayansi na teknolojia anaweza kubadilisha ukubwa wa kashe, akaendesha programu ileile, akaona mapigo mangapi yamepotea kwa kusubiri. Akimaliza achukue lugha ya programu ya Python na SimPy, zana yake ya kuigiza foleni na kazi, aziweke hatua za karafuu, kuchuma, kuchambua, kuanika, kupeleka kituoni, aingize na siku za mvua, kisha aulize kama shilingi inayofuata iende kwenye majamvi, kwenye kikaushio cha jua au kwa watu wa kuchambua. Hiyo ni tasnifu kamili jamani na mkulima ataisoma.

Mie nataka kuanza na muda wa kukauka, wa jua na wa mvua, kuanzia Micheweni mpaka Mkoani. Mwenye daftari la msimu uliopita linaloonesha tarehe alioanika na tarehe alioanua aniandikie, hata kama ni ya jamvi moja tu.